Siku Niliyopikiwa Wali Nikiwa Mzima

Asubuhi za Idete, mpunga ukianza kuinamisha vichwa, ukungu unalala juu ya mashamba na jua lenyewe linakuwa vivu. Ukikaa kwenye dungu, kile kichanja chetu cha kuamia ndege, unaona vichwa vya watu vinaelea bila miili, na kelele za kufukuza ndege zinatoka usikojua. Mama alikuwa anashinda huko. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, anapanda ngazi kwa kupumzika kila kijiti, lakini umwambie ashuke, thubutu!

Msimu wa nyuma yake alizidiwa, akashindwa kusema. Mimi nikataka apelekwe hospitali Ifakara, dada yangu, aliyekuja kutoka mbali, akataka aachwe apumzike, tukagombana juu ya kichwa chake kama madalali wa mbuzi. Alipopata nafuu akatuambia, "Nilikuwa nawasikia." Basi. Tangu hapo nikawa naogopa mara ya pili. Nilitaka kujua yeye mwenyewe anataka nini. Nikiuliza tu, ananikata: "Usinichurie, utaniletea mkosi!"

Sasa mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Shule niliishia la tano, la sita nililionea dirishani. Wakatuita viongozi semina Ifakara, sisi wenyeviti, viongozi wa jumuiya za kanisani, na mzee mmoja wa wafugaji wa Kisukuma, jirani yangu. Nesi akatufundisha kwamba mtu aseme mapema, akili zikiwa zake, angependa atunzwe vipi akiugua sana, na nani amsemee akishindwa kusema. "Anzeni nyie viongozi," akasema, "wengine watafuata." Pilau lilikuwa zito, nilikuwa nasinzia, ila hilo nililidaka.

Kwenye mkutano wa kitongoji nikasimama kifua mbele. "Ndugu zangu, mimi nikizidiwa, msinipeleke mbali. Mnilaze nje, redio iwe karibu, na kambale wa kukaanga. Hata kama siwezi kula, ninuse."

Hakuna aliyecheka. Hapo nilipaswa kushtuka, maana mimi nikisimama tu huwa wanacheka. Kwetu mtu hatangazi ugonjwa ambao haujamshika. Kwa hiyo walinielewa hivi: mwenyekiti anaaga.

Kesho yake akina mama wa jumuiya wakaingia uwani na wali na kuku, wakatandika mkeka, wakaanza nyimbo za taratibu. Hata mzee Msukuma, tuliyekuwa naye semina, akaja na maziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole, mwenyekiti. Panauma wapi?"

"Mimi mzima kabisa!"

"Ndiyo, ndiyo," akanijibu kwa huruma, "kunywa maziwa."

Jirani mwingine akaniuliza kwa upole, baiskeli anaachiwa nani. Kubisha nilibisha, lakini wali ulikuwa wa nazi. Nikajilaza mkekani, nyimbo zinapanda na kushuka, nikaanza kuelea kama vile vichwa vya kwenye ukungu, mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Machozi kidogo yakanitoka.

Ndipo nikamwona mama juu yangu. Walimpelekea habari kule dunguni kwamba mwanao anaondoka. Amekuja kwa miguu ile ile iliyovimba, anahema.

"Unakufa?"

"Hapana mama. Nafundisha."

"Unafundisha nini, kambale?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Akakaa mkekani kwangu, akashika kifua, akangoja pumzi imrudie.

"Na umesema vibaya," akasema. "Redio ya nini? Mimi nikizidiwa nipelekeni Ifakara, wajaribu. Wakisema hawana zaidi, mnirudishe. Msinifungie ndani. Mnilaze upande wa mashambani, nisikie watu wanafukuza ndege. Na msigombane juu ya kichwa changu."

"Sawa mama."

"Wa kunisemea ni dada yako. Wewe utaanza utani."

Iliniuma. Mwenyekiti mzima, nimekwenda semina, nimekula pilau lao! Nikafungua mdomo nijibu, utani ukanijia wa kwanza, nikaufunga.

Mzee Msukuma akakohoa. "Mimi wanilaze karibu na zizi," akasema polepole, kama anaongea na ng'ombe wake. Mama mmoja wa jumuiya akaweka chini sahani ya kuku, akasema na yeye ana lake.

Asubuhi yake nikampandisha mama dunguni, mtandao unashika kule juu tu. Akaongea na dada kwenye simu, maneno yale yale, bila haraka, ukungu umefunika mpunga wote na sisi tuko juu yake kama tumekaa kwenye maziwa. Upande wa pili dada alikuwa analia. Mama akamngoja amalize, akamwuliza kama amesikia vizuri, kisha akanirudishia simu.

"Haya," akaniambia, "ndege hao."

Nikasimama, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Yeye akafumba macho, akasikiliza.