Tindra Alipofeli Kipimo

Siku walipoita namba ya farasi wangu aende kupimwa mkojo, mimi nilicheka.

Haki ya Mungu, nilicheka. Nikamwambia daktari wa mifugo, "Mpime tu, huyu anakula nyasi na karoti."

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Tindra amefeli.

Walichokikuta mwilini ni dawa ya kupashia misuli moto, ile yenye pilipili ndani. Kwenye mchezo wetu ni marufuku kabisa. Kuna watu wenye roho mbaya huwapaka farasi miguuni, ili mguu ukigusa kiunzi uungue, na safari nyingine aruke juu zaidi.

Nilipomaliza kusoma nilijua ni nani. Au tuseme nilidhani najua.

Nikanyamaza. Na kwa kunyamaza huko nikamharibia maisha mtu ambaye hakuwahi kunikosea hata siku moja. Leo nayatoa yote. Anayetaka kunitukana atanikuta hapo chini kwenye maoni.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Roselyn, wengi huniita Rosi. Mama alinileta Sweden kutoka Nakuru nikiwa na miaka tisa, tukakaa Norsborg, kule mwisho wa laini nyekundu ya treni. Yeye bado yuko pale pale.

Wenzangu walienda mpira. Mimi nikagundua kuna zizi la farasi dakika ishirini kwa basi, nikawa nakwenda kuzoa mavi ili nipewe nusu saa ya kupanda. Mama akasema nimerogwa.

Sasa nina miaka ishirini na saba na hiyo ndiyo kazi yangu. Nawapanda farasi wachanga wa watu kwenye mashindano.

Mchezo wenyewe una sehemu tatu. Kwanza farasi anatembea kwa madaha mbele ya waamuzi. Halafu anaruka viunzi uwanjani. Mwisho anakimbizwa porini, magogo, mitaro, maji, na hapo ndipo watu hutolewa na gari la wagonjwa.

Zizi ninalofanyia kazi ni la mama mmoja wa Kiswidi, Ulrika. Huyu hapigi kelele. Akikasirika sauti inashuka, na ikishuka sana ujue umekwisha.

Mwaka jana alinipa Tindra, farasi jike wa miaka sita, rangi ya chai ya maziwa. Mwoga wa ajabu. Mwezi wa nne alikataa mtaro mara tatu tukatolewa. Mwezi wa tano alifika kwenye maji akakwama ghafla, mimi nikaendelea peke yangu mpaka katikati ya bwawa. Bega likaharibika.

Mama akaniletea kopo dogo la dawa ya kuchua, ile ambayo hupewa na shangazi kila akienda nyumbani. Nilikuwa najichua kila asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Inanuka hiyo, weee!

"Unanuka kama bibi yangu wa Uvira," Aida alikuwa ananiambia huku anaziba pua. "Nenda ukaoshe mikono, weye."

Huyo Aida ndiye nataka mumjue.

Dada Aida ni Mkongo, ana miaka thelathini na minane, ndiye aliyekuwa mhudumu wa farasi wetu. Kuwalisha, kuwasafisha, kuwafunga bandeji za miguu, yote yeye. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswahili zizini mchana kutwa. Changu cha Nakuru na chake cha Uvira vinagombana, lakini tunaelewana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupapasa miguu. Kila asubuhi, kabla hujamwekea farasi tandiko, unapitisha kiganja kuanzia gotini hadi kwenye kwato, mguu kwa mguu, unatafuta joto au uvimbe. Mkono mtupu. Ukivaa glavu husikii kitu.

Aida alikuwa na binti mmoja, Kamila, wa miaka tisa, aliyebaki na bibi yake kule Uvira. Hawajaonana miaka minne. Ombi la kumleta lilikuwa limeshapelekwa, na watu wa uhamiaji walitaka kuona kwamba mama mtu ana kazi ya kudumu.

Kwenye msumari karibu na mlango wa zizi Aida alitundika kofia ndogo ya buluu ya kupandia farasi, aliipata kwa mtoto mmoja aliyeacha mchezo. Ndani aliandika KAMILA kwa kalamu nene.

Kila akipita alikuwa anaigonga kwa kidole. Ko, ko. Kama anabisha hodi.

Basi, msimu ukageuka. Mwezi wa sita Tindra akaingia majini bila kusita, nikalia juu ya tandiko kama mjinga. Mwezi wa saba tukawa wa pili. Mwezi wa nane tukaitwa fainali ya farasi wa miaka sita.

Mama alikuwa hajawahi kuja kuniona. Miaka yote hiyo! Anaogopa kuniona nikifa. Lakini fainali akasema anakuja, akaja kweli, kitambaa kichwani, leso begani, chapati kwenye mkoba.

Asubuhi ya porini nilichelewa kuamka. Nikajichua bega mbio mbio, nikatoka, mlolongo kwenye bomba la maji ukawa mrefu, nikaenda moja kwa moja kwa Tindra. Nikapapasa miguu yote minne. Baridi, safi. Aida akanusa hewa.

"Rosi, ile dawa yako."

"Acha kunusanusa, dada, nimechelewa!" nikamjibu, tukacheka.

Nikaenda kuiangalia njia ya porini kwa miguu. Niliporudi nikamwona mama kwa mbali. Ameinama kwenye mguu wa mbele wa Tindra, mkono unapanda unashuka, midomo inacheza. Halafu akajifuta viganja kwa leso.

"Mama! Unafanya nini?"

"Namwombea mnyama wa watu, mwanangu. Si ndiye amekubeba?"

Nikacheka, nikapanda.

Tukashinda. Sikilizeni, tukashinda fainali! Tindra hakugusa hata gogo moja. Mama alikuwa anapiga vigelegele mpaka Waswidi wakageuka. Ulrika alinikumbatia, na Ulrika hakumbatii mtu.

Ndipo wakaita namba yetu kwenda kupimwa.

Sasa mmeelewa kwa nini barua ilipokuja nilimfikiria mama. Dawa ya pilipili, mkono unapanda unashuka, viganja vinafutwa kwa leso. Nikasema moyoni, mama yangu amempaka farasi dawa ya kuchua, zile za nyumbani zenye pilipili, akidhani anamsaidia.

Nikamwona mama yangu, mwanamke anayesafisha ofisi tangu mimi ni mtoto, akiitwa mbele ya watu kujibu kwa Kiswidi chake cha kuvunjikavunjika. Nikaona jina lake likizunguka kanisani. Nikaapa hawatamjua.

Sikumuuliza hata yeye mwenyewe.

Ulrika alituita jikoni pale zizini, akamimina kahawa. Sauti ilikuwa chini kabisa.

"Mnajua chochote?"

"Hapana," Aida akasema. Halafu akaniangalia mimi.

Mimi nilikuwa naangalia kahawa.

Kwenye mchezo huu mpandaji ndiye mwenye kujibu. Nilitakiwa niandike maelezo. Nikaandika kwamba sijui dawa ilitoka wapi, na kwamba miguu ya farasi wetu hushughulikiwa kila siku na mhudumu.

Basi, hayo tu. Sikusema Aida kafanya. Mtu akinibana ningesema sijamtaja mtu. Lakini nilijua vizuri kalamu yangu inamwonyesha nani, nikasaini.

Ushindi ukafutwa. Mimi nikafungiwa miezi miwili kwa uzembe mdogo. Aida akaachishwa kazi wiki hiyo hiyo.

Siku anaondoka alipanga brashi zake zote kwenye ndoo, akamshika Tindra mashavu, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Mimi nilijitia hamnazo, nikajifanya nafagia. Nilifagia sehemu moja mpaka ikang'aa.

"Kwaheri, Rosi."

"Kwaheri, dada. Pole."

Pole! Mdomo wangu huu.

Kofia aliiacha kwenye msumari. Sijui aliisahau au alishindwa kuigusa.

Nikawa silali vizuri. Sili. Nikipita mlangoni nageuza uso, kofia imekaa pale inanitazama. Lakini kila dhamiri ikinisumbua najiambia, ni kwa ajili ya mama. Nilijiona shujaa, jamani. Shujaa mzima.

Mwezi wa kumi, Jumapili mchana, mama alirudi kutoka kanisani Sundbyberg, anakosali na Aida pia, amevimba macho.

"Umesikia ya mama Kamila?" akaniuliza kabla hata hajavua viatu. "Wamemkatalia mtoto. Wanasema hana kazi ya kudumu. Amesimama leo mbele ya watu kuomba maombi, akashindwa kumaliza. Ni nani huyo aliyempaka yule farasi, Roselyn? Ni nani mwenye roho kama hiyo?"

Nikapasuka.

"Ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Wewe, mama! Nilikuona! Ulimpaka dawa ya kuchua mguuni, mimi nikakulinda, nikamwacha Aida afukuzwe kwa sababu yako!"

Mama akaenda kwenye mkoba wake wa kanisani, akatoa chupa ndogo, akaifungua, akanisogezea puani.

Mafuta ya zeituni. Yale ya kuombea wagonjwa. Hayana harufu ya maana.

"Nilimgusa na haya," akasema. "Dawa ya kuchua ningeitoa wapi? Kopo si nilikupa wewe la bega?"

Nikakaa chini. Kwenye sakafu, hapo hapo mlangoni kati ya viatu.

Kopo ninalo mimi. Bega langu. Asubuhi ile, mlolongo kwenye bomba. Kiganja kutoka gotini hadi kwenye kwato, mguu kwa mguu, miguu yote minne. *Rosi, ile dawa yako.*

Ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi.

Mama akaelewa kwa kuniangalia tu. Akasema polepole, "Na hukuniuliza. Miezi yote hii unakula kwangu, unanidhania, na hukuniuliza."

Kesho yake nikaenda Farsta. Aida alikuwa amepata vibarua vya siku moja moja kwenye duka pale, anapanga mboga. Aliponiona hakuacha kupanga karoti.

"Dada Aida, ni mimi. Ni mikono yangu. Ile dawa ya bega."

"Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Najua, Rosi. Nilinusa asubuhi ile. Nilikwambia."

"Sasa kwa nini hukumwambia Ulrika?"

Akaweka karoti chini. "Nilijua hukufanya kusudi. Nikasema, huyu ni mdogo wangu, atasema mwenyewe. Pale jikoni nilikuwa naangalia mdomo wako, nasubiri. Weye ulikuwa unaangalia kahawa. Halafu maelezo yako yakatoka, na mimi sasa nikisema, nani atanisikiliza? Mhudumu amefukuzwa, anasingizia bosi mdogo."

Nikaanza kulia kati ya viazi na vitunguu. Nikasema nisamehe.

"Usinililie mimi," akasema. "Nenda ukaandike."

Nikaandika. Siku hiyo hiyo, kurasa mbili, kila kitu, pamoja na yale maelezo ya kwanza na kwa nini niliyaandika vile. Nikampelekea Ulrika mkononi. Alisoma akiwa amesimama. Sauti yake ilishuka mpaka sikuisikia kabisa, akanyoosha tu kidole mlangoni.

Nimefungiwa mwaka mzima. Tindra anapandwa na mtu mwingine, na nasikia anaendelea vizuri majini. Nimefurahi, nisidanganye, na nimeumia pia.

Ulrika alimpigia Aida mwenyewe, akamwomba radhi, akamrudisha kwa mkataba wa kudumu. Ombi la Kamila limepelekwa upya. Linaanza foleni kutoka nyuma, kama vile halijawahi kuwepo.

Siruhusiwi kushindana, lakini kwa Ulrika nimeomba nirudi kuzoa mavi kama zamani, akakubali kwa kichwa. Juzi nilimkuta Aida mlangoni ameishika ile kofia ya buluu. Nilifikiri anaifuta vumbi.

Alikuwa anaipima kwa vidole, ndani, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkono wa pili ameshika simu, picha ya Kamila ya mwezi huu.

"Haitamwenea tena," akasema.

Hakuwa amekasirika. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Akaitundika palepale, na hakuigonga.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sina hekima ya kuwapa, ningekuwa nayo nisingefika hapa. Lakini ukijikuta unamfichia mtu kosa, nenda kwanza ukamuulize kama kosa ni lake. Mimi niliogopa kumuuliza mama swali moja la dakika mbili. Mtoto wa watu ameongezewa mwaka wa kulala mbali na mama yake.

Na kabla ya kugusa kitu cha mtu mwingine, osha mikono.