Nilichapa Gauni Lisiloshoneka

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe kabla wambea wa Mpanda hawajaliongezea chumvi.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimemiliki jarida la mishono! Nilianza kwa kuuza mabango ya magauni kwenye vibanda vya mafundi cherehani. Wasomi wenu wakizunguka na bahasha, mimi nilikuwa naajiri.

Mhariri wangu alikuwa Dada Spesioza, fundi wa Katumba. Kwake gauni halipigwi picha mpaka lishonwe, livaliwe, na chini ya picha kiandikwe kiasi cha kitambaa kinachotosha. Ndiyo maana mafundi walituamini. Mimi nikaona ushamba mtupu! Nikajipa cheo cha Mhariri Mkuu, nikatengeneza gauni kwa kompyuta, mikono imevimba kama puto, nikaliweka ukurasa wa mbele.

"Bosi, hili nani kalishona?"

"Dada, usiniletee mambo ya kibandani hapa. Hii ni ofisi!"

"Haya. Kitambaa andika mwenyewe, na jina langu litoe."

Nikaandika doti moja. Nilikisia tu!

Akina mama wa Litapunga wakalichagua liwe sare ya sendofu. Fundi wao akakata vitenge vyote siku moja. Kitambaa cha mikono hakikutosha, na kitenge kikishakatwa ndiyo basi. Wakaja ofisini na vipande kwenye beseni, sherehe imebaki siku tatu.

"Mhariri Mkuu, tuonyeshe, mkono unaingilia wapi?"

Nikashika kipande kimoja, nikakigeuza, nikakigeuza tena. Nikasema hii ni kola.

"Ni mgongo huo, baba!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Spesioza hakucheka. Alibeba lile beseni, akaunga vipande kwa kitambaa cheusi, wakapata sare. Kwangu hakurudi. Sasa ana jarida lake, na mafundi wote wako kwake.

Langu limekufa. Juzi nimemkuta fundi analikata toleo langu awekee alama za kaptula. Akaniuliza kama nimebakiwa na mengine, eti karatasi yake ngumu, inafaa!

Mjinga mimi, tena mjinga mwenye tai! Na nyie mabosi mnaojipachika vyeo msivyoviweza, msinicheke. Mwombeni radhi huyo mnayemdharau leo, wakati bado anakuja kazini.