Kisima cha Uwani na Eda ya Mama

Nilimwambia kaka yangu mbele ya watu kwamba mama hatoki, na mimi nikishasema sijui kurudi nyuma. Hiyo ndiyo tabia yangu. Imenivunjia ndoa, imenigombanisha na mashangazi, lakini siku ile sikuijutia.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike baba. Mama alikuwa anakaa eda chumbani kwao, katika nyumba yetu ya zamani hapa Kariakoo, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, na uwani kuna jiko, choo na kisima. Miezi minne na siku kumi asitoke, asijipambe, asijitie manukato. Alitaka kuimaliza yote, na kuimalizia humo humo alimoletwa bi harusi. "Nitamwekea mume wangu heshima yake mpaka siku ya mwisho," alisema. Kwa mama yangu hilo halikuwa neno la kusemea msibani tu.

Shida ilikuwa joto. Desemba ndiyo kwanza inaanza, na miezi mikali bado iko mbele. Juu bati, na upande wa kushoto limepanda ghorofa likameza upepo wote. Kibaya zaidi, viyoyozi vya ghorofa lile vyote vimegeuziwa migongo uwani kwetu. Wao wanapoa ndani, sisi wanatutemea joto lao. Nilikwenda kulalamika mpaka mlinzi wao akawa akiniona anajifanya anasali.

Mama ana presha. Asubuhi moja aliinuka kwenye mswala akaanguka. Tulimkuta nguo zimelowa jasho chapachapa, midomo imekauka. Muuguzi aliyekuja kumpima alisema chumba kile si cha kulaza mgonjwa. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu, hakungoja zaidi.

"Ijumaa ijayo baada ya swala nakuja na gari, nampeleka kwangu," alisema. "Kwangu kuna kiyoyozi. Shehe nimemuuliza, dharura inaruhusu."

Ni kweli inaruhusu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama, nikamwona alivyogeukia ukutani, mabega yanatetemeka. Hata siku ya maziko hakulia vile. Iliniuma.

"Mama hatoki," nikasema.

"Utafanyaje? Utampepea miezi mitatu na ushee?"

"Nitajua mwenyewe."

Wallahi sikuwa najua lolote. Kiyoyozi kwetu hakifungiki, nyaya za nyumba ile ni za enzi za babu; ukiwasha pasi na friji pamoja, giza. Na hata zingekuwa mpya nisingekubali. Nimtemee jirani wa nyuma joto langu, naye amtemee nani?

Lakini mabomba nayajua. Miaka ishirini nauza koki, eliboo za kuunganishia kona, na mabomba katika duka la mtu, mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Wateja wananiangalia wananiuliza, "Hakuna mwanaume humu anayeelewa?" Siku moja fundi mmoja alituhadithia kwamba nchi nyingine watu wanazika mabomba ardhini, yanazungusha maji, na ardhi inawapasha nyumba wakati wa baridi, inawapoza wakati wa joto. "Chini huko jua halifiki," alisema. Tulimcheka mpaka akaondoka bila chenji yake. Sasa nilikumbuka kwamba nikichota maji ya kisima chetu saa nane mchana, zege la uwani linaunguza nyayo, maji yenyewe yana ubaridi ule ule wa alfajiri. Kisima kile tulikuwa hatukitumii tena ila kuoshea uwani, kwa sababu maji yake ni ya chumvi.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kwenye spea za mitumba. Nikampata Mchaga mmoja mzee kidogo, amekaa katikati ya rejeta zilizopangwa hadi dirishani.

"Karibu dada. Gari gani?"

"Si ya gari. Nataka rejeta ya mama."

Akanitazama. "Mama anachemsha?"

"Tena sana."

Alicheka mpaka akashika meza. Lakini nilipomweleza, maji ya kisima yapite ndani ya rejeta, feni ipulize kwa nyuma, upepo utoke umepoa, aliacha kucheka. Akasimama mwenyewe, akanichagulia rejeta kubwa ya lori, akaipuliza kwa mdomo kuona kama haivuji. "Bibi yangu Moshi alikuwa anaweka maziwa kwenye mfereji yasiharibike," alisema. "Haya, kajaribu. Ikikushinda irudishe, usinione mwizi." Nikaipakia kwenye guta.

Jumapili nikafunga. Pampu ndogo kisimani, bomba limepita dirishani, rejeta nimeiegemeza ukutani kwa mama, feni mbili nyuma yake. Kaka alipopiga simu nikamwambia kwa madaha kwamba mama amelala. Na kweli alilala, saa mbili nzima mchana, mdomo wazi. Nilikaa pale namwangalia kama mwendawazimu.

Jumatano rejeta ikatoboka. Maji ya kutu yakamwagika chumbani, yakalowanisha mswala, na mama akiwa juu yake. Chumvi! Mimi, niliyezaliwa juu ya maji ya chumvi, ninayewahimiza watu kila siku wanunue bomba la plastiki kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo, nimeyapitisha kwenye chuma! Nilijitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mama alikunja mswala wake polepole, akasema, "Basi mwanangu, acha. Nitakwenda." Hilo "nitakwenda" ndilo lililonitia hasira. Nikamjibu, "Huendi popote."

Nikarudi Gerezani. Yule mzee akanipa rejeta nyingine, akanitajia bei ile ile, tena akaniuliza hali ya mama. Safari hii nilijua la kufanya: maji ya kisima yasiguse chuma kabisa. Nikachukua dukani roli zima la bomba jeusi la plastiki, nikalikunja mizunguko mizunguko, lizame kisimani lote. Ndani yake maji safi ya bombani, yazunguke humo humo: yaingie kwa mama, yabebe joto, yarudi kisimani yaliache, yapande tena yamepoa. Chumvi ibaki nje inang'ang'aa macho.

Alhamisi majirani wamejaa mlangoni. Kuna waliosema natafuta mali aliyozika Mjerumani. Mmoja akauliza kwa heshima kabisa kama nimepata ruhusa ya wenyewe, maana kisima cha zamani hakikosi wenyewe, yaani majini. Nikamwambia wenyewe ndio sisi, na asiyeshika kamba arudi kwake. Watatu wakashika kamba. Tukalishusha bomba, likaelea. Tukalifungia jiwe, likainama upande, likaelea tena. Watu wakacheka. Nikahisi machozi yananijia, maana kesho yake ni Ijumaa.

Mama akatokea mlango wa uwani, amejishika ukutani, kanga yake nyeupe kichwani.

"Lijaze maji kwanza, we mtoto! Dumu tupu umeliona wapi likazama?"

Nikalijaza maji. Likazama taratibu, bila hata kutoa sauti, na mama akarudi chumbani hakungoja kushukuriwa.

Kaka alikuja Ijumaa kama alivyosema, kanzu imenyooshwa, gari limeegeshwa mlangoni huku wenye mikokoteni wakimtukana. "Shikamoo kaka," nikamwambia. "Marahaba. Mama yuko tayari?" Nikamwonyesha chumba. Aliingia na maneno yake, nikayasikia yanaanza, halafu yakapungua. Nilipochungulia alikuwa ameinama, anashika bomba linaloingia, anashika linalotoka, kama anayempima mtoto homa. Si baridi ya barafu, sitaki kudanganya. Ni ubaridi wa kumwezesha mtu kuvuta pumzi na kulala. Kwa mama ulitosha.

"Umeme ukikatika je?" kaka akauliza.

"Tutampepea."

"Ikiharibika?"

"Nitaitengeneza. Dharura iko wapi, kaka?"

Alimbusu mama mkono, akaondoka na gari tupu, ila mlangoni akasema, "Tutaongea eda ikiisha."

Iliharibika, tena mara nne. Pampu iliungua, klipu zililegea, siku moja feni ilikula pindo la pazia. Kila mara nilitoka dukani mbio, koleo mkononi. Januari ikapita, Februari ikapita, mama hakuanguka tena.

Siku ya kutoka eda ilikuwa Machi, jua linapasua vichwa. Mama akaoga, akavaa nguo mpya, ukasomwa uradi, tukala pilau. Wageni wa mbali walipoondoka, kaka akafungua bahasha. Mnunuzi amepatikana, anataka kiwanja chote ajenge ghorofa, na kila mrithi atapata haki yake, mama akiwemo. Mama ana thumni, fungu moja katika manane, ndivyo sheria ilivyo kwa mjane mwenye watoto. Kaka alisoma vizuri, kwa adabu, na hakusema uongo hata mmoja.

"Thumni yangu naitaka," mama alisema. "Lakini siitaki kwa pesa. Nataka chumba changu na kisima. Hayo saba yaliyobaki gawaneni mtakavyo."

"Mama, mtu hawezi kujenga ghorofa akaacha chumba kimoja na kisima katikati."

"Basi asijenge," alisema mama, akanigeukia. "Hebu washa feni, kaka yako anatoka jasho."