Zaituni, Mfasiri Wetu wa Sinema ya Kerala

Siamini bado. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena, simu iko mkononi na sijui nimpigie nani. Zaituni wetu wa Rumonge, kule Burundi, amefariki jana mchana.

Mnaonifuata hapa mnamjua kama dada yangu. Ngojeni niwaambie vizuri, kabla sijaogopa tena.

Miaka ile baada ya uhuru, Mhindi mmoja mwenye duka pale Rumonge alikuwa na projekta. Jumapili mchana tulifunika madirisha ya ghala lake kwa magunia, tukajipanga kwenye mikeka.

Mkewe alitoka Kerala. Zaituni alimsaidia jikoni tangu utotoni, na lugha ya kwao, Kimalayalam, ikamwingia humo humo, akikuna nazi.

Siku moja ikaletwa filamu ya huko. Yule mama akatukataza kabisa kuiita ya Bombay: "Hapana! Hii iko ya kwetu!" Akatuonyesha kila kitu kwa kidole: mwavuli wa majani, mitumbwi, wali juu ya jani la mgomba. Alilia hata pale ambapo hakuna aliyekufa.

Zaituni alisimama kando ya shuka jeupe, akifasiri. Jamani, yule dada! Kijiji cha Kerala alikiita Magara, kama kijiji cha jirani zetu ziwani, na wavuvi wetu wakawa wanawapigia kelele waigizaji: "Vuta wavu, we!"

Kisha, kwenye filamu, binti wa mgema akafukuzwa kwenye kisima cha watu wa tabaka la juu. Mzee mmoja akauliza, "Sasa banajua aje kama iko wa chini? Si bote banafanana?"

Zaituni akamuuliza yule mama, akatugeukia. "Banamuuliza jina ya baba yake."

Niliichukia filamu ile, nikatoka nje.

Nimeinuka sasa hivi kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Niendelee.

Mwaka 1972, mwaka wa mauaji ya kikabila kwetu, niliulizwa mimi. Barabara ya ziwani, watu wenye silaha, nina miaka kumi na tisa: unaitwa nani, baba yako nani?

Zaituni, niliyekuwa nikikimbia naye, akajibu upesi: "Huyu iko kaka yangu. Sisi bote batoto ya Saidi." Jina la Kiislamu halikuwaonyesha kabila, wakatuacha. Tukakimbia mpaka Kigoma, Tanzania.

Nikabaki Juma Saidi. Nimeoa kwa jina hilo, nimezaa kwa jina hilo, nimezeeka nalo.

Yeye alirudi Rumonge, na kila akipiga simu aliuliza, "Ulishabaambia batoto, kaka?" Wiki iliyopita pia aliuliza. Nikamjibu niko bize, labda wiki ijayo. Najuta, nasema wazi, najuta sana.

Zaituni, baba yako alinipa jina, nami nimelitunza kwa heshima. Lakini wanangu wanasoma hapa, basi wasome: babu yenu aliitwa Barakamfitiye, mvuvi wa Gatete. Mwaka ule hakurudi nyumbani. Mimi ni mwanawe.

Nimewaambia, dada. Lala salama.