Ya Ndani au ya Nje

Kila Jumamosi mume wa dada yangu huja dukani kwangu kuchagua kadi ya sauti, kile kifaa cha kutolea sauti, kwa ajili ya ule mchezo wake wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Mkono huu kashika ya ndani, mkono huu ya nje, anazipima kama nyanya, kisha anafumba macho na kunguruma kwa mdomo kama injini hadi wateja wanageuka. Nimemweleza mpaka koo limenikauka: hii inafungwa ndani ya kompyuta, hii unaichomeka kwa nje, basi! Leo nimemfokea, "Shemeji, chagua bwana!" Akatupia jicho mlangoni, akaninong'oneza: "Dada yako kaapa kelele za ndege zikimwamsha tena, nalala nje. Sasa nikichukua hii ya ndani, sauti si itabaki humohumo ndani ya kompyuta?"