Anayeita Mara Moja

Enzi zetu, mtoto akiitwa aliitika upesi, "Abee!" kwa msichana, "Naam!" kwa mvulana, na mguu tayari uko njiani. Lakini sisi tuliokua tukichunga mbuzi kule Singida tulikuwa na sharti la pili, na wa rika langu mtalikumbuka. Malishoni, jua likiwa utosini na upepo umelala, ukisikia jina lako likiitwa mara moja, unanyamaza. Bibi alitueleza huku akikoroga uji wa uwele: "Mtu huita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu."

Tulicheka, lakini tulitii. Tulicheza kombolela katikati ya mbuzi, tukatafuna utomvu wa migunga mpaka taya zikauma, tukarudi jioni kugombania ukoko. Binamu yangu Jumanne, mbishi tangu tumboni, siku moja aliitika. Hakuna kilichomtokea. Alirudi na mbuzi wote, akala, akalala. Ila tangu siku hiyo, ukimwita hata akiwa amekaa ubavuni pako, alikawia, kisha akaitika kwa sauti ndogo, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Kwa miaka mingi sikuyawaza hayo. Hapa ughaibuni, Lewisville, hakuna malisho, kuna maegesho ya magari, na watoto wetu hawachungi hata chaji ya simu. Binti yangu Neema nilimfundisha "Abee" tangu anatambaa. Ananijibu kwa Kiingereza mpaka leo.

Kisha Oyuna, muuguzi mwenzangu, akatualika kwa mama yake huko Mongolia, anakohamahama na mifugo.

Jamani, ni kama nilifika nyumbani! Hema lilikuwa la duara, la sufu nyeupe, na majani yalikwenda mpaka yakakutana na mbingu, lakini moshi wa samadi kavu ulinukia kama jikoni kwa Bibi. Neema alizunguka akiwa ameinua simu, akitafuta mtandao.

"Mama, there's literally nothing here!"

"Kuna kila kitu, mwanangu. Angalia mguu wako, umekanyaga samadi."

Mchana mmoja tulikuwa ndani na wenyeji wetu, tukinywa chai ya maziwa yenye chumvi. Neema alikaa mlangoni, akimbembeleza mwanambuzi. Ghafla upepo ukatulia. Mbuzi waliokuwa nje wakaacha kutafuna, wote wakageuza vichwa upande mmoja. Na kutoka kule kwenye majani, pasipo na mtu, nikasikia:

"Neema!"

Ilikuwa sauti yangu. Na mimi nilikuwa na bakuli mdomoni.

Neema alinitazama, akatazama nje. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Lakini mtoto huyu nimemlea mwenyewe, nimemzoesha asimkawize mkubwa.

"Coming!" akasema, kwa adabu kabisa, uso ameuelekeza kwenye majani.

Hakuna aliyeita tena. Mama yake Oyuna, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliinuka, akachota maziwa kwa kijiko cha mbao, akayarusha hewani upande ule ule. Akanong'ona kitu.

"Mama anasemaje?" nikamuuliza Oyuna.

"Anasema binti yako asitoke tena leo."

Tumesharudi. Wazazi tuliotoka nyumbani tukikutana mjini Mesquite, kwenye pilau la Jumamosi, kila mmoja ana malalamiko yale yale. "Watoto wa siku hizi ukiwaita utadhani unaita ukuta! Masikio yote yamezibwa na vidude vya muziki."

"Wa kwangu ndiyo usiseme, shoga," nasema, na tunacheka.

Juzi nilimwita kutoka jikoni, mara mbili, kama alivyotufundisha Bibi. Kimya. Nikaenda mpaka chumbani kwake. Vidude vya muziki vilikuwa mezani. Neema alikaa kitandani ananitazama, midomo wazi kidogo, kama anayesubiri kitu kimfikie. Ndipo sauti ikaja, ndogo, kutoka mbali:

"Abee, mama."

Enzi zetu neno hilo lilisikika kila uani, asubuhi mpaka jioni, wala hakuna aliyelishtukia. Miaka yote hii nimetamani kulisikia mdomoni mwa mwanangu. Sasa chakula kikiiva, simwiti. Namfuata mwenyewe, namshika mkono, tunakwenda wote mezani.