Uzi Mweusi

Tangu tukiwa wadogo chuoni tukisoma juzuu za Kurani, mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Kibokoni tulikula viazi karai kwenye karatasi moja. Tulipofika kidato cha pili, akaingia kundi la siri la wasichana shuleni. Walifunga uzi mweusi mkononi, na kiapo chao kiliwakataza kula na mtu wa nje. Mtu wa nje sasa ni mimi. Alikonda, akawa hacheki, na kwao walisema usingizini anaweweseka. Mamake aliponiuliza mwanawe ana nini, nikasema yote, kwa wivu wala si kwa huruma. Kesho yake mamake alikwenda kwa mwalimu mkuu, na wasichana wote sita wa kundi lile wakasimamishwa mbele ya shule nzima, nyuzi zikakatwa. Walilia wameshikana mikono. Nami pale mstarini nilitamani kuwa wa saba.